Singida, Mkataba Unapofika Mwisho

Novemba 4, 2017, Uwanja wa Namfua mjini Singida ulipokea mgeni aliyesubiriwa kwa miaka mingi. Yanga, bingwa mtetezi wa Ligi Kuu, ilishuka kucheza na Singida United, timu iliyokuwa imepanda daraja mwaka huohuo pamoja na Lipuli ya Iringa na Njombe Mji. Mwanzoni mwa msimu wenyeji walikuwa wakitumia Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, huku Namfua ukikarabatiwa. Sasa walikuwa nyumbani. Mechi iliisha bila bao, na kwa timu ngeni kwenye ligi, suluhu mbele ya Yanga ilikuwa salamu tosha.

Ila aliyetazama vizuri aliona kwamba nusu ya habari ya siku ile ilikuwa Singida na nusu nyingine ilikuwa Dar es Salaam. Kwenye benchi la wenyeji alikaa Hans van der Pluijm, Mholanzi aliyeipa Yanga ubingwa wa msimu wa 2014/15 na wa 2015/16. Deus Kaseke alikuwa ametoka Yanga miezi michache nyuma. Kiungo Mudathir Yahya alikuwepo kwa mkopo wa Azam. Kutoka Zimbabwe walikuja Tafadzwa Kutinyu, Elisha Muroiwa na Michelle Katsvairo. Uganda ikamtoa beki Shafik Batambuze, Rwanda ikamtoa straika Danny Usengimana. Kampuni ya SportPesa, iliyokuwa imeingia nchini mwaka huo na kuzidhamini Simba na Yanga, iliidhamini Singida United pia. Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi, alikuwa mstari wa mbele kuibeba timu ya mkoa wake.

Kikosi kilikuwa kizuri, tena cha gharama. Lakini karibu kila mmoja aliyekuwa ndani yake alikuwa amefika kwa karatasi yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na baada ya tarehe ile ya pili Singida haikuwa na cha kumshikia.

Zamani mambo yalikuwa na sura nyingine. Katika miaka ya 1970 na 1980, soka letu likiwa la ridhaa, mchezaji alishikwa na ajira. Timu za mashirika ya umma, viwanda, reli na majeshi zilimpa kijana kazi, chumba na mshahara wa kila mwezi, na mpira ukawa sehemu ya kazi hiyo. Kuhama timu kulimaanisha kuacha kazi. Mtibwa Sugar na Kagera Sugar ni masalia ya mfumo huo, na timu za majeshi kama JKT Tanzania bado zinauishi. Timu za wananchi wa mikoani, zisizo na kiwanda nyuma yake, ndizo zilizokuwa zikimwaga machozi. Tukuyu Stars ya Rungwe ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, klabu kubwa zikawazoa nyota wake, na msimu uliofuata ikashuka daraja. Hakuna aliyehitaji mwanasheria kuelewa kilichotokea.

Singida United ilikuwa ya kundi hilo la timu za wananchi. Mkoa ni wa alizeti, vitunguu, asali na kuku wa kienyeji wanaopakiwa kwenye matenga kwenda Dar es Salaam. Timu ikaitwa Walima Alizeti, jina linalowafaa wenyewe. Lakini mkulima wa alizeti wa Iramba au Ikungi hununua tiketi ya uwanjani akiwa na akiba, na akiba hiyo huja msimu wa mavuno. Mshahara wa mchezaji wa kulipwa haungoji mavuno.

Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri kupita matarajio. Singida United ilimaliza nafasi ya 5 na ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, iliyochezwa Juni 2, 2018 kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Mtibwa Sugar ilishinda 3-2. Ushindi siku ile ungewapeleka wana Singida kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, na tiketi ya Afrika ni kishawishi kimojawapo kinachomfanya mchezaji asaini tena. Hawakuipata, na msimu ukawa umekwisha.

Kilichofuata kilichukua wiki chache tu. Pluijm aliondoka kwenda Azam. Kutinyu akaenda Azam. Mudathir akarudi kwa waajiri wake, Azam hao hao. Kaseke akarudi Yanga. Batambuze akavuka mpaka kujiunga na Gor Mahia ya Kenya. Uti wa mgongo wa timu uliokuwa umeshindana na vigogo kwa miezi 9 ukaondoka kabla nyasi za Namfua hazijapumzika.

Tukio moja la majira hayo linaeleza nafasi ya Singida sokoni kuliko jedwali lolote. Feisal Salum, kijana wa Zanzibar aliyekuwa akiichezea JKU, alitambulishwa kuwa mchezaji wa Singida United. Picha zilipigwa, jezi ikaonyeshwa, mashabiki wakapongezana. Kabla hajaichezea timu hiyo hata mechi moja ya ligi, Feisal, maarufu kama Fei Toto, alikuwa mchezaji wa Yanga. Macho ya waliomwona mapema yalikuwa ya Singida, na matunda yakaliwa Jangwani, makao ya Yanga, kwa misimu kadhaa. Baadaye Yanga nayo ilionja uchungu huohuo: Desemba 2022 Feisal alirudisha fedha akitaka kuvunja mkataba, shauri likafika kwenye kamati ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) ambayo iliamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, na mvutano ukaisha kwa yeye kuuzwa Azam katikati ya mwaka 2023, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe kuiomba klabu ilimalize jambo hilo. Yanga ilikuwa na mkataba wenye miezi mingi mkononi, na ilikuwa na nguvu ya kugoma. Ndiyo maana iliambulia ada.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Jean-Marc Bosman, mchezaji wa Ubelgiji, alimaliza mkataba wake na RFC Liège mwaka 1990 na alitaka kwenda Dunkerque ya Ufaransa. Klabu yake ikamwekea ngumu. Desemba 15, 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba mkataba ukiisha, mchezaji yuko huru, na klabu aliyotoka haina cha kudai. Kanuni za FIFA zikafuata mwelekeo huo kwa dunia nzima. Leo mkataba wa mchezaji hauzidi miaka 5, na ukibakiza miezi 6 anaweza kuzungumza na kusaini na klabu nyingine bila kumwomba mtu ruhusa. Mkataba unaoisha Juni, kwa lugha ya sokoni, umeshaisha Januari. Na kuanzia mwaka 2018 kanuni zinasema wazi kwamba mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuipa klabu notisi ya siku 15, na asipolipwa avunje mkataba kwa sababu halali.

Kwa klabu yenye fedha, kanuni hizi ni utaratibu wa kawaida. Kwa klabu ya mkoani, ni mlango ulioachwa wazi usiku. Anayesainishwa mwaka mmoja kwa kuwa klabu haina uhakika wa mwaka wa pili, anaondoka bure. Anayesainishwa miaka mitatu kisha akacheleweshewa mshahara, naye anaondoka bure, na huenda akaacha kesi nyuma yake.

Singida United iliingia msimu wa 2018/19 katika wakati mbaya. Vodacom ilikuwa imeacha kuidhamini ligi, na msimu huo ukachezwa bila mdhamini mkuu. Wakati huohuo timu ziliongezwa kutoka 16 hadi 20, kwa hiyo mechi zikapanda kutoka 30 hadi 38. Safari ziliongezeka, hoteli zikaongezeka, posho zikaongezeka, mapato yakapungua. Magazeti ya michezo yakawa yanaandika habari za mishahara kuchelewa. Benchi la ufundi likageuka stendi: Hemed Suleiman "Morocco", Dragan Popadić wa Serbia, Fred Felix Minziro, Ramadhani Nswanzurimo wa Burundi. Kila kocha alikuja na mbinu zake, akaukuta usajili wa mwenzake, akaanza kufundisha upya. Msimu wa 2019/20 ulipomalizika, Singida United ilikuwa mkiani. Ikashuka daraja pamoja na Lipuli, Ndanda na Alliance. Ilikuwa imekaa Ligi Kuu misimu mitatu.

Miaka miwili baadaye Singida ilipata timu nyingine bila kuipandisha. Klabu ya DTB, iliyopanda mwaka 2022 kutoka Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, ilibadili jina ikawa Singida Big Stars na kuhamia mkoani. Namfua nao ulikuwa umepewa jina jipya, Liti, kwa heshima ya mwanamke wa Kinyaturu anayesimuliwa kuwa aliwapinga Wajerumani kwa jeshi la nyuki. Na orodha ya waliofika ilikuwa na sura zinazojulikana: Pluijm alirudi, Kaseke akarudi, Batambuze akarudi. Waliongezeka Meddie Kagere na Pascal Wawa kutoka Simba, pamoja na Wabrazili, akiwamo kiungo Bruno Gomes.

Januari 2023 timu hiyo ilifika fainali ya Kombe la Mapinduzi na kufungwa 2-1 na Mlandege. Ligi ikaisha ikiwa nafasi ya 4, nyuma ya Yanga, Simba na Azam, nafasi iliyotosha kuipeleka Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa mara ya pili katika miaka 5, Pluijm alikuwa ameionyesha Singida kwamba timu ya mkoani inaweza.

Na kwa mara ya pili jengo likabomolewa. Singida Big Stars iliungana na klabu ya Fountain Gate, ikawa Singida Fountain Gate. Katika michuano ya Afrika iliitoa JKU, ikaifunga Future ya Misri 1-0 nyumbani, kisha ikafungwa 4-1 ugenini na safari ikaishia hapo. Pluijm alikuwa ameshaondoka mapema msimu wa 2023/24. Akaja Mjerumani Ernst Middendorp, hakukaa. Akaja Ricardo Ferreira, hakukaa. Akaja Thabo Senong wa Afrika Kusini. Akaja Jamhuri Kihwelo "Julio". Wote hao msimu mmoja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wengine hata jembe hawakulishika.

Dirisha dogo la Januari 2024 ndilo lililowaacha watu midomo wazi. Kundi zima la wachezaji wa Singida Fountain Gate lilihamia Ihefu, timu ya Mbarali mkoani Mbeya: Bruno Gomes, Marouf Tchakei, Elvis Rupia, Duke Abuya, Joash Onyango na wengine. Singida Fountain Gate yenyewe ikahamia CCM Kirumba, Mwanza, kumalizia msimu. Shabiki wa Singida akawa hana timu wala uwanja wenye mechi. Kisha wale wachezaji wakarudi kwa mlango wa nyuma, kwa sababu Ihefu ilianza kutumia Uwanja wa Liti, na kufikia msimu wa 2024/25 ikawa inaitwa Singida Black Stars. Fountain Gate ikaliacha jina la Singida na kuhamia Babati, mkoani Manyara.

Tumezoea kuhesabu wachezaji wanaoondoka mkataba ukiisha. Singida imeishi hali ambayo klabu nzima huondoka. Na ilichopata Singida, Mbarali ilipoteza. Ihefu hiyo ndiyo iliyoifunga Yanga 2-1 Novemba 29, 2022 kwenye Uwanja wa Highland Estates na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kufungwa. Mkulima wa mpunga wa Ubaruku aliyeshangilia siku ile leo timu yake inaitwa kwa jina la mkoa mwingine. Hakuvunja mkataba wowote, kwa kuwa hakuwahi kuwa nao.

Black Stars ilianza kwa kishindo chini ya Patrick Aussems, Mbelgiji aliyewahi kuifundisha Simba, lakini mwaka 2024 haukuisha akiwa kazini. Mwishoni mwa Desemba nafasi yake ikachukuliwa na Miloud Hamdi, Mfaransa mwenye asili ya Algeria. Alitambulishwa, akapewa mpango wa kazi, akaanza mazoezi katika wakati ambao ligi ilikuwa imesimama. Huko Algeria, CR Belouizdad ikawa inatafuta kocha, ikamchukua Sead Ramović wa Yanga. Yanga ikatazama ni nani yuko karibu. Februari 4, 2025 Hamdi alitangazwa Jangwani. Alikuwa Singida kwa takriban mwezi mmoja, na hakuna aliyemtuhumu kwa lolote. Klabu zilizungumza na kazi ikaendelea. Mkenya David Ouma akakabidhiwa timu. Uamuzi uliofanywa Algiers ulikuwa umeishia Singida, kwa kuwa Singida ndiyo iliyokuwa chini kabisa ya ngazi.

Ouma alifanya kazi ya kupigiwa mfano. Straika wa Ghana Jonathan Sowah, aliyesajiliwa Januari, alifunga mabao 13 katika nusu msimu. Timu ikamaliza nafasi ya 4 na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho, iliyochezwa Juni 29, 2025 kwenye Uwanja wa New Amaan, Zanzibar, ikafungwa 2-0 na Yanga iliyokuwa bado na Hamdi. Dirisha kubwa lilipofunguliwa Sowah akaenda Simba, kama Abuya alivyokuwa ameenda Yanga mwaka mmoja nyuma.

Safari hii, hata hivyo, Singida haikukaa ikihesabu walioondoka. Clatous Chama na Khalid Aucho walitoka Yanga wakaja Black Stars. Miguel Gamondi, Muargentina aliyekuwa kocha wa Yanga, akachukua benchi. Mlango uliokuwa ukiwatoa watu safari hii uliwaingiza. Septemba 2025, katika fainali ya Kombe la Kagame jijini Dar es Salaam, Chama alifunga mabao yote mawili Singida ikiichapa Al Hilal ya Sudan 2-1. Timu ya Singida ikawa bingwa wa Afrika Mashariki na Kati. Baadaye iliitoa Rayon Sports ya Rwanda na Flambeau du Centre ya Burundi, ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Katika kundi lake ilimkuta nani? CR Belouizdad.

Novemba 2025 TFF iliachana na Hemed Morocco, kocha yuleyule aliyewahi kupita Singida United, ikamkabidhi Gamondi Taifa Stars kwa muda kuelekea AFCON ya nchini Morocco. Ni heshima kwa mkoa. Ni ukumbusho pia kwamba kocha mzuri wa Singida hutazamwa na wengi.

Sasa tuulize kilichobadilika na kisichobadilika. Fedha za ligi zimekuwa bora: mwaka 2021 TFF na Azam Media zilisaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na ligi ikapata tena mdhamini mkuu. Klabu imejaribu njia zake za kushikilia watu. Januari 2025 wachezaji wake watatu, Emmanuel Keyekeh wa Ghana, Josephat Bada wa Ivory Coast na Muhamed Damaro Camara wa Guinea, walipewa uraia wa Tanzania, hatua iliyozua mjadala mkubwa nchini na iliyopunguza idadi ya wageni kwenye orodha ya usajili. Machi 2025 ikazinduliwa Airtel Stadium, eneo la Mtipa, kwa mechi ya kirafiki na Yanga. Uwanja haupakiwi kwenye lori dirisha la usajili likifunguliwa. Katika historia nzima niliyoisimulia, huo ndio usajili wa kwanza ambao hautaisha Juni.

Kisichobadilika ni kwamba mchezaji aliyezaliwa Manyoni, Mkalama au Singida mjini bado ni nadra kumwona katika kikosi cha kwanza. Chama alikuja akiwa ameiva. Kijana aliyelelewa na klabu tangu akiwa na miaka 12 huacha kitu hata akiondoka, kwani kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Singida imeuza majina mengi bila kupata hata senti ya malezi, kwa kuwa haikuyalea.

Kwa hiyo viongozi wa Singida Black Stars wana kazi tatu ambazo hazihitaji mtaalamu kutoka Ulaya. Kwanza, lipeni mshahara siku yake, maana kanuni inawaruhusu wachezaji kuondoka miezi miwili ikipita, na mwaka 2019 hauko mbali. Pili, mkataba ukibakiza mwaka mmoja, kaeni mezani na mchezaji. Ama aongeze, ama auzwe akiwa na thamani. Tatu, jengeni akademi Mtipa, kando ya uwanja ule, na mpeni kocha wa vijana mkataba mrefu kuliko wa kocha mkuu.

Na TFF nayo ina lake. Mtu anayenunua timu ya Ligi Kuu asiruhusiwe kuibeba kutoka mkoa hadi mkoa kila biashara inapobadilika, bila wanachama na wakazi kuulizwa. Mchezaji akimaliza mkataba ana haki ya kwenda atakako. Timu ya watu haipaswi kuwa na haki hiyo.